Msumeno Uliogawanywa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haihitaji mwalimu: kitu kilichosukumwa chini ya kitanda hakitoki kwa kuitwa, wala kwa kufokewa na mtu aliyesimama wima mlangoni. Kuinama kwenyewe si kazi ngumu. Mtoto anayetambaa huingia mvunguni akatoka na kiatu cha baba yake, tena anacheka. Mtu mzima ndiye mgongo humgomea, hasa akiwa na jina la kulinda.

Arcade alikuwa na jina. Katumba nzima, nje ya mji wa Mpanda, aliyetaka mti uangushwe bila kuponda choo cha jirani aliambiwa amwite Arcade. Alikuwa fundi wa msumeno wa mota, ule ambao watu huuita chenso, na alipouwasha hata mbuzi walijua nani yuko kazini. Lakini tangu mavuno ya mwaka huo chenso ilikuwa kimya, na mwenyewe alikuwa kiguu na njia, hakaliki wala hasemezeki.

Kilichomnyima raha kilikuwa paa. Upepo ulioutangulia msimu wa mvua ulikuwa umeezua nyumba ya mama yake, Joséline. Kenchi za mbao zilivunjika vipande vipande, mabati yakaokotwa kwenye mashamba ya watu. Mama huyo, mjane na mzee, alihamia kwenye kibanda cha jiko, akalala kwenye mkeka kando ya mafiga. Nyuma ya nyumba ilisimama mikaratusi aliyoipanda marehemu mumewe, akisema kwamba hilo ndilo paa lao la uzeeni. Miti ilikuwa imekomaa. Fundi alikuwa mwana wa nyumba. Kilichokosekana ni cheni ya msumeno, na kila alasiri mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Sitalike.

Cheni ilikosekanaje kwa fundi? Hapo ndipo penye aibu. Msumeno ule ulinunuliwa na watu wawili, Arcade na Melkiadi, mtoto wa baba yake mkubwa, ambaye kwa desturi ni kaka yake. Arcade alishika mashine, Melkiadi alipima magogo na kupanga mbao. Siku moja mteja aliuliza mbele ya watu mashine ni ya nani. Arcade, kichwa kikiwa kimevimba kwa sifa, akajibu, "Yangu. Huyu kazi yake kubeba tu."

Kwao, watu wenye asili ya Burundi, ugomvi wa ndugu haumalizwi kwa kupeana mikono. Huletwa mtungi wa impeke, yaani pombe ya mtama, ukawekwa chini, mirija ikachomekwa, na wagomvi wakauinamia pamoja. Ingawa yeye ndiye aliyetukanwa, Melkiadi alileta mtungi. Arcade akauchomoa mrija wake na kuulaza kando.

"Sina kiu," alisema.

"Basi tugawane," Melkiadi akajibu.

Wakagawana kweli. Arcade akachukua mashine. Melkiadi akachukua panga la msumeno, lile bapa refu la chuma ambalo cheni hulizunguka, pamoja na cheni yake. Ni kama watu wawili waliogawana jembe, huyu mpini na yule chuma, kisha kila mmoja akashika njia ya shambani kwake. Katumba ilicheka mpaka ikachoka. Arcade naye, kuonyesha kwamba hababaiki, alinunua panga jingine la mtumba, akalifunga kwenye mashine, likakaa. Kwa macho yake, mambo yalikuwa yamekwisha, bado cheni tu.

Akapanda bodaboda mpaka Nsemulwa, kwenye duka la spea la mwanamke aitwaye Prisila.

"Dada, nipe cheni ya chenso. Kubwa."

"Kubwa kiasi gani? Umekuja na ile ya zamani tupimie?"

"Ya zamani ya nini? Mimi nimeanza kazi hii wewe hujafungua duka."

"Kaka yangu, cheni hainunuliwi kwa umri," Prisila alisema. "Hata panga hujaleta?"

Arcade hakuwa na subira ya kuulizwa. Alinyoosha kidole kwenye ile nene iliyoning'inia juu kabisa, akalipa, akaondoka. Alipofika nyumbani, cheni ilikaa vizuri kwenye gia ya mashine, lile gurudumu la meno linaloizungusha, lakini vile vijino vyake vya ndani, vinavyotakiwa kuteleza kwenye mfereji wa panga, vilikataa kuingia. Alivigonga kwa nyundo. Akavipaka oili. Akavitukana. Havikuingia.

Kesho yake alirudi mjini na kuchukua nyembamba. Prisila alijaribu tena kumuuliza habari ya ile ya zamani, Arcade akamwambia ana haraka. Hii iliingia kwenye mfereji vizuri mno, hata akapiga mluzi. Mama yake akatoka jikoni kutazama. Arcade akausogelea mkaratusi wa kwanza, akavuta kamba, mashine ikanguruma. Kumbe cheni haikuwa imeshika gia sawasawa. Ilikwaruza, ikaruka, ikachapa hewani na kuchana buti lake kwenye kifundo. Mguu ulinusurika kwa tundu la sindano.

Mama Joséline alishika kichwa. "Arcade! Unataka kunijengea paa au kunichimbia kaburi lako?"

"Ni cheni mbovu tu, mama. Hawa wa mjini wanauza takataka."

"Ile yenu ya zamani iko wapi?"

Akajifanya hajasikia. Usingizi ulimpaa. Kila upepo ulipotikisa majani ya migomba alitoka nje kutazama mbingu, na kila alipotazama mbingu alimwona Melkiadi. Alimchukia kwa hilo. Lakini kusema kweli alikuwa akijichukia mwenyewe, ila hilo halisemeki kirahisi.

Safari ya tatu alibeba mashine na panga, vyote viwili, akaviweka juu ya kaunta bila hata kusalimia. Prisila aliipima gia, akapima mfereji wa panga, akatikisa kichwa.

"Kaka, sikia. Cheni inachaguliwa kwa mambo matatu. Nafasi kati ya pingili na pingili, hiyo inatoka kwenye gia. Unene wa vijino vya ndani, huo unatoka kwenye mfereji. Halafu urefu. Sasa hapa kwako, cheni inayoshika gia haiingii mferejini, na inayoingia mferejini haishiki gia. Hata ukimaliza duka langu lote. Hili panga si la mashine hii."

"Nipe lake basi."

"Mashine yako ya zamani. Panga lake niagize Dar, na likifika mvua zitakuwa zimeshapita. Lile la kwake liko wapi?"

Arcade aliangalia barabarani. "Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo kwa mtu."

"Sasa si uende kwa mtu," alisema Prisila, akageukia mteja mwingine.

Mvua ya kwanza ilimkuta njiani. Haikuwa rasharasha, ilikuwa mvua hasa, yenye matone mazito. Alipofika nyumbani alikimbilia jikoni, akamkuta mama yake amesimama kwenye kona ya kibanda, nyasi za paa zikivuja, ameshika bati lililopinda. Hakuwa amejikinga yeye. Alikuwa akiukinga mfuko wa unga na mkeka alioukunja miguuni pake, na maji yalikuwa yakimtiririka mgongoni. Arcade alilipokea bati lile na kulishika yeye. Wakasimama hivyo mpaka mvua ilipokatika. Hajawahi kuona mvua ndefu kama ile.

"Mama, nisamehe," alisema.

"Mimi nimelowa maji tu, nitakauka," Joséline akamjibu. "Nenda ukamwombe uliyemtukana."

Hakubadilisha hata shati. Alikwenda kwa mama Eufrazia, mpika pombe wa jirani, akamwomba mtungi wa impeke iliyoiva. Akaufunga kwenye kerea ya baiskeli na kuanza kuikokota kwenye tope, maana baiskeli yenye mtungi haipandwi. Njia yote watu walikuwa wametoka nje baada ya mvua.

"Arcade, kuna harusi?"

"Hakuna."

"Mbona una mtungi?"

"Napeleka kwa Melkiadi!" alijibu kwa sauti, na masikio yakamwaka moto. Nyuma yake mtu alicheka. Mara mbili alitamani kugeuza baiskeli. Alikumbuka lile bati, akaendelea kusukuma.

Melkiadi alikuwa barazani akimenya karanga. Aliona baiskeli, akaona mtungi, akaendelea kumenya. Arcade aliufungua mtungi, akauweka chini mbele yake, akachomeka mirija miwili. Kisha akachuchumaa kwenye udongo uliolowa.

"Kaka, nilikosa. Nilikuita mbeba mbao mbele za watu, na mashine ni yetu. Ukaniletea mtungi nikaukataa. Leo nimekuletea mimi."

"Ulisema huna kiu," Melkiadi alisema.

"Nimeipata."

Melkiadi akalitazama buti lililochanika, akalitazama shati lililoganda mwilini. Akaweka ungo wa karanga pembeni, akashuka kwenye kigoda, na magoti yake yakalia. Wakainamia mtungi mmoja, vichwa vikikaribia kugongana, wakanyonya. Impeke ilikuwa chachu kidogo. Arcade alihisi machozi yakimlengalenga, akaendelea kunyonya ili yasionekane.

"Mama amelowa?" Melkiadi aliuliza hatimaye.

"Amelowa."

"Nilikuwa nasubiri uje. Niliona paa likienda, nikasema leo atakuja. Hukuja. Kesho yake, hukuja. Na mimi nilikuwa na kiburi changu, mdogo wangu. Ni mama yangu mdogo tu kwa ndoa, lakini alinilea. Ningeweza kuja mwenyewe." Akaelekeza kidevu ndani. "Kitu chako kipo mvunguni. Kichukue mwenyewe, mgongo wangu umekwisha kwa mbao zako."

Msomaji asidhani kwamba kitanda kimewekwa hapa ili methali ipate pa kulala. Katumba kila kitu cha thamani huhifadhiwa chini ya kitanda, kuanzia mbegu mpaka cheti cha ubatizo. Arcade alipiga magoti, haikutosha, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo na kuingiza mkono. Alilivuta panga likiwa limeviringishwa kwenye gunia, halina hata tone la kutu. Nyuma yake lilikuwepo kopo, na ndani ya kopo cheni ya zamani ikiwa imelala kwenye oili. Mtu aliyekata tamaa na nduguye hamwekei oili kwenye cheni. Arcade alibaki amelala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Cheni ile yenyewe ilikuwa imekwisha, meno yameliwa na tupa hadi mwisho. Lakini asubuhi iliyofuata waliibeba pamoja na panga na mashine hadi Nsemulwa, na Melkiadi ndiye aliyeongea. Prisila aliinyoosha juu ya kaunta, akalaza mpya kando yake, pingili kwa pingili, kijino kwa kijino. Zililingana. Akaifunga kwenye mashine, akaizungusha kwa kidole, ikateleza.

"Si ningewauzia siku ile ya kwanza?" alisema, na wote wawili wakacheka kama watu walioibiana kuku.

Mikaratusi ilianguka alasiri hiyo hiyo. Melkiadi alipima, Arcade akakata, na kila mawingu yalipokaribia waliongeza mwendo bila kuambiana. Siku chache baadaye majirani walikuja kupandisha kenchi na kugongelea mabati, wengine ni wale wale waliocheka. Bati la mwisho lilipigwa msumari tone la kwanza likidondoka, na Mama Joséline akaingia chini ya paa la mumewe akiwa mkavu.

Mtu mmoja, mgeni kutoka Mwamkulu aliyekuwa na miti ya kukata, aliisogelea chenso iliyoegemezwa ukutani. "Mashine nzuri. Ya nani hii?" akamuuliza Arcade.

Majirani wakageuza vichwa.

"Ni yetu," alijibu Arcade. "Lakini kuhusu kazi, mwombe kaka yangu Melkiadi. Yeye ndiye anayepima, mimi nakata tu anapoonyesha."

Melkiadi aligeuka akajifanya anakagua msumari. Mama Joséline, ambaye hakuna lililompita, aliweka mtungi wa impeke katikati ya sebule mpya, akachomeka mirija, akawatazama wanawe wote wawili mpaka walipochuchumaa. Kwa hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.