Mgeni Asiyeshika Jembe

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na tumbo!"

"Likala?"

"Likala, halikushiba! Sogeeni."

Basi, Fisi alikwenda matangani kwa kina Nyumbu. Nyama ya ngiri iko jikoni, haijaiva hata nusu, yeye keshaidaka. "Moto unapunguza nyama," akasema. Kutafuna? Kutafuna aliwaachia wasio na haraka. Akabugia, gwa! gwa! gwa! Wewe unayecheka, jana ulitafuna?

Ndani ya ile nyama mlikuwa na Tegu, mnyoo mdogo asiye na mikono wala haya. Akapita tumboni, hakutua. Akafika utumbo mwembamba, ule mrefu uliojikunja kama kamba kapuni. Hapo ndipo chakula kinaponyonywa nguvu yake iende damuni.

"Ghala la mwenye nyumba ndilo hili," Tegu akasema. Akajigandisha ukutani, nga!

Fisi akala, gwa! Tegu akanyonya, fyoo! Fisi akakonda. Fisi akala zaidi, gwa gwa! Tegu akanyonya zaidi, fyoo fyoo! Fisi akabaki mbavu tupu, tumbo linamsokota, akaogopa kufa.

"Nani huko?" akauliza.

"Mgeni wako, mjomba."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Njoo ulichukue!"

"Nilishike na nini, mjomba? Sina mikono. Wewe kula tu, mimi nitakusaidia kushiba."

Fisi akakimbilia kwa Kenge, mganga. Kenge akampa dawa chungu. "Shinda na njaa siku moja tu, kisha unywe. Atatoka mzimamzima."

Fisi akafunga. Jua halijafika utosini, Tegu akaona ghala tupu. Akaita kwa sauti ya huruma, "Mjomba, leo kwa kina Nyati wamechinja. Kwa nini unadhani Kenge amekufungisha leo? Saa hizi anakula fungu lako!"

"Kumbe!" Fisi akaruka. Wivu ukamuuma kuliko tumbo. Dawa akaimwaga, pwaa! Mbio mpaka kwa kina Nyati, gwa! gwa! gwa! Kenge hakuwepo. Fisi hata hakumtafuta.

"Sasa utatoka lini?" akauliza, kajilaza chini, hawezi kunyanyuka.

"Nikishiba, mjomba."

Mpaka leo hajashiba. Ndiyo maana Fisi anatembea nyuma imelegea, na mkimsikia anacheka, si furaha ile, ni msokoto.

Hadithi yangu naitua hapa. Tamu yake gawaneni, chungu yake nimeshaimeza. Na funzo, wanangu: nyama msiingoje moto, mganga msimwamini, na mgeni msimwulize anaondoka lini. Si mnajua wenyewe? Mgeni njoo, mwenyeji apone.