Waya wa Mzigo

Haya, jongeeni, na mwenye simu aiweke kifudifudi. Ninachowapa leo ni kesi, si kisa cha kulalia. Walioisikia kabla yenu waliondoka hapa hawasemezani, na mmoja mpaka leo hajanirudishia sufuria yangu. Nanyi tutawaona.

Palikuwa na nyumba Tanga, mtaa wa Makorora, nyumba ya Bi Chausiku, na ndani yake vijana watatu, wajukuu zake. Wawili walikuwa ndugu, Hizza na Mbwana, watoto wa mwanawe wa kiume. Wa tatu alikuwa binti, Zawena, mtoto wa mwanawe wa kike. Mama yake Zawena, Mwanakombo, alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani na kumwacha binti angali na meno ya utotoni. Kwa hiyo Zawena na wale wawili ni mabinamu, na mnajua wenyewe, binamu kwa binamu ni watani. Mtani akikutukana hujakosewa. Ukinuna, mkosa ni wewe.

Kila mmoja alijaliwa lake.

Hizza alijaliwa mikono. Ukimpa pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu ya mpira, atakufunga huku anatafuna muhogo na kuongea na watu dirishani. Alilijua hilo, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau.

Mbwana alijaliwa kichwa. Nyumba ile ilikuwa na laini moja tu ya intaneti, aliyoiacha baba yao kabla hajarudi kwenye lori lake, na laini yenyewe ilikuwa dhaifu. Mashine moja ya gemu ikicheza na watu wa mbali, mambo mazuri. Ya pili ikiingia, zote zinasuasua. Ya tatu ikiingia, picha inaganda na mpira unaonekana mara huku mara kule. Mbwana alikaa na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, mpaka ikamsikia. Aliipangia nani apite kwanza na nani angoje, akavuta waya kutoka kwenye ruta hadi kila mashine, na siku moja mashine zote tatu zikacheza pamoja bila kukwaruzana.

Zawena alijaliwa macho. Yeye alikaa golini. Alimtazama mshambuliaji anavyogeuka, akajua mpira utakwenda wapi kabla mpigaji hajaamua. Hakufundishwa na mtu. Aliyelelewa kwa watu hujifunza mapema kusoma nani anaingia na uso gani.

Sasa kuna neno moja nataka mlishike. Siku Zawena alipoletwa, mjomba wake alimpokea stendi, akapiga simu Maskati akasema, "Mzigo umefika salama." Ulikuwa utani, na Mwanakombo akacheka. Zawena alikisikia kicheko kile, kwa kuwa alikuwa amebebwa begani, sikio lake jirani na simu. Mabinamu wakalidaka neno. Mzigo njoo ule. Mzigo umeshaoga? Mzigo kaa kule mlangoni, hapa pamejaa. Bi Chausiku naye alicheka, maana watani hawaingiliwi. Zawena alicheka pia, angefanyaje? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na watu wa nyumba ile waliuona mwepesi kwelikweli.

Yakaja mashindano ya gemu ya mpira, timu za watatu watatu, kila mtu achezee nyumbani kwake kwa mtandao. Walijiandikisha kwa mzaha, wakashinda, wakashinda tena, na mzaha ukaisha. Ndipo waandaaji wakatangaza kwamba timu itakayotwaa ubingwa itapeleka mchezaji mmoja kwenye fainali kuu ya ng'ambo. Mmoja tu, wamchague wenyewe. Na fainali hiyo itachezwa Maskati.

Zawena aliposikia Maskati aliweka pedi chini. Yeye mama yake alimjua kwa kishikwambi cha Bibi tu, kila Ijumaa baada ya sala, saa ambayo mama alisema ndiyo tajiri wake humruhusu kushika simu. Laini ikichoka, uso wa mama uliganda, mdomo nusu wazi, na sauti ikaendelea peke yake. Uso ule ulioganda ndio Zawena aliokuwa akilala nao. Hizza alitaka kwenda Maskati ili aonekane. Mbwana alitaka kwenda akajifunze kwa mafundi wa huko. Zawena alitaka kumwona mama yake akimaliza sentensi. Hakumwambia mtu.

Kishikwambi hicho nacho kilikuwa na waya wake, wa nne, uliokwenda hadi kwenye kiboksi kidogo chumbani kwa Bibi, kinachokirushia intaneti. Bibi akizungumza na Maskati kwa picha, simu ile ililamba laini kuliko mashine zote tatu. Ndiyo maana Mbwana na Hizza, wawili peke yao, waliuita waya ule mzigo. Hawakumwambia Zawena. Halikuwa jambo la siri. Hawakuona tu kwamba kuna la kumwambia.

Siku ya mchezo wa ubingwa ikaangukia Ijumaa, mchana. Ruta ilikuwa sakafuni, karibu na magoti ya Zawena, kwa kuwa yeye mahali pake ni palepale mlangoni. Mchezo ulikuwa mgumu, hawajafunga wala hawajafungwa, na muda unayoyoma. Chumbani kishikwambi kikalia. Bibi akaita kwamba ni mama yake Zawena, leo amewahi. Zawena akajibu bila kugeuka kwamba amwombee angoje kidogo, wanamalizia.

Simu ikaingia kwenye laini, na laini ikalegea. Picha ikaanza kuganda. Wapinzani wakapiga shuti wakati skrini ya Zawena imesimama kabisa, na Zawena akaruka upande wa kushoto kwa kukisia, kwa alichokisoma kabla haijaganda. Picha iliporudi mpira ulikuwa mikononi mwake.

Mbwana aliona laini inakufa. Hakubabaika. Alijua ukichomoa kitu kimoja tu vilivyobaki vitapumua, na macho yake hayakutoka kwenye skrini aliposema, "Zawena, toa mzigo."

Zawena alimtazama. Akatazama nyaya. Akashika waya wa mashine yake mwenyewe, akauchomoa.

Hakuuliza. Katika kesi hii yote, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakuuliza.

Skrini yake ikawa nyeusi, na golini akabaki kipa wa mashine, anayesimama tu. Lakini laini ilipumua. Hizza akaupata mpira katikati ya uwanja, picha ikiwa laini, akampita mmoja, akampita mwingine, akafunga. Kipenga kikalia. Hizza na Mbwana wakakumbatiana wakaanguka kwenye mkeka, na Zawena akabaki na waya mkononi, akitabasamu, maana alidhani anatakiwa kutabasamu.

Mbwana ndiye aliyeuona kwanza. Akamuuliza mbona amechomoa wa kwake, yeye alimaanisha waya wa Bibi, huo ndio mzigo. Kisha Hizza akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe hata mwenyewe anajijua," akasema.

Waandaaji walitaka jina moja kabla ya magharibi. Vijana walibishana, pedi zikarushwa, na mwisho wakampelekea shauri Bi Chausiku. Alitoka chumbani na kishikwambi chake, simu imeshakatika, akakaa kwenye kiti cha kamba. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa furaha waliyokuwa nayo hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Hizza akaanza. Alisema ubingwa ni goli, na goli ni lake. Wengine walisaidia, hakatai, lakini aliyepanga viti harusini haitwi bwana harusi. Tena Zawena hakumaliza mchezo. Filimbi imelia yeye yuko nje.

Mbwana akafuata. Alisema mikono ya Hizza bila laini ni mikono ya mtu anayefukuza nzi. Yeye ndiye aliyegawa kitu kimoja kikatosha watatu, na yeye ndiye aliyetoa amri iliyookoa siku. Zawena aliitekeleza vibaya, na kwa bahati ikafaa. Tangu lini bahati ikapewa tiketi?

Zawena alisema machache. Wangefungwa kama asingeokoa shuti lile akiwa haoni, na hilo wanalijua. Na aliambiwa atoe mzigo, akatoa alichojua. Wao walitoa mikono na kichwa na bado wanavyo. Yeye alitoa nafasi yake uwanjani katika mchezo alioutaka kuliko wao.

"Ulioutaka kwa nini?" Bibi akauliza.

Ndipo akasema. Alisema anataka kwenda kumwona mama.

Bi Chausiku alikilaza kishikwambi mapajani. Kisha akamuuliza jambo ambalo mimi nisingemuuliza mtoto wa mtu.

"Ungelijua mzigo ni simu ya mama yako, ungeuchomoa?"

Zawena alifikiri, na hakudanganya. "Ningeuchomoa, Bibi. Simu ya leo ningeitoa, nikamwone kwa macho."

"Basi heri ungelijua," Bibi akasema.

Akaeleza, huku akifuta kioo cha kishikwambi kwa ncha ya kanga, ingawa kilikuwa safi. Mwanakombo alikuwa amepiga kuaga. Alikuwa ameolewa kule, muda sasa, na ana mtoto mchanga, na mumewe hajui kwamba aliacha mtoto mwingine huku. Kwanza aliuliza kama Zawena yuko karibu. Alipoambiwa yuko kwenye gemu, ndipo akapata nafasi ya kusema yote. Aliomba Zawena aambiwe polepole asimtafute. Bibi alimsihi angoje aseme mwenyewe, naye akasema hawezi, akakata. Na wakati wote wa kuaga simu ilikuwa safi, uso haukuganda hata mara moja.

Yaani laini ile Zawena aliyoichomolea waya wake ilifanya kazi mbili. Ilimpa Hizza goli, na ilimpa mama yake sauti nzuri ya kumkana.

Mbwana aliinamisha kichwa, nampa hilo. Hizza hakuinamisha. Sijui kama ni ukatili au ni mazoea ya utani ambayo yamekosa breki, mtaamua wenyewe. Alisema basi shauri limekwisha, kwa kuwa Zawena huko hana wa kumwendea, ataenda kufanya nini?

"Halafu mzigo husafirishwa," akaongeza. "Hausafiri."

Akangoja watu wacheke. Bibi, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, hakucheka, lakini pia hakumkanya. Utani hauingiliwi.

Zawena bado alikuwa ameshika ule waya. Aliuzungusha kiganjani, akauweka juu ya ruta, akamgeukia bibi yake. Hakulia. Ningependa kuwaambia alilia, ingekuwa rahisi kwenu.

"Sawa, mimi ni mzigo," akasema. "Mzigo una mwenyewe, Bibi. Mlimwambia nimefika salama, na sikuwahi kumfikia. Nipelekeni kwa mwenyewe, anikatae nikiwa mbele yake."

Hapo ndipo ilipo kesi. Bi Chausiku ana kishikwambi mapajani na nafasi ya jina moja. Msianze kuniambia mnamhurumia Zawena; huruma hamkuulizwa. Yupo aliyefunga. Yupo aliyeigawa laini moja ikatosha. Yupo aliyeokoa shuti asiloliona, kisha akajichomoa mwenyewe kwa kuwa nyumba nzima ilishamfundisha jina lake, na akakiri kwamba angelijua angemkata mama yake. Mkimnyima, mmemdhulumu. Mkimpa, mmemlipia safari ya kwenda kufungiwa mlango, na nyuma ya mlango huo kuna mtoto mchanga na mwanamke ambaye hana pengine pa kwenda.

Jua linazama na waandaaji hawangoji. Wewe uliyekaa hapo mlangoni, wanakokuweka kila siku, tuanze na wewe: ungeandika jina la nani?