Mwonjaji Mkuu wa Mji wa Shombo

"Nipakue, nisipakue?"

"Pakua!"

"Kwa kijiko au kwa mwiko?"

"Kwa mwiko!"

"Mmenawa mikono?"

"Tumenawa!"

"Mmejisumbua bure, chakula hakuna. Kuna maneno tu. Sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ama ingia ama toka, unanizibia upepo."

Hapo zamani wanyama walikuwa na mji wao ufukweni, wakauita Shombo, kwa sababu ukiukaribia pua inajua kabla ya macho. Mji ule ulikuwa wa samaki. Huku ngisi anachomwa, chwaa! chwaa! juu ya makaa. Kule changu anapakwa nazi. Ukikata kona, kamba. Ukirudi nyuma, papa. Kila mlango una jiko, na kila jiko lina mpishi anayeijua kazi yake.

Na wanyama wa Shombo walikuwa na ndimi. Kila mmoja na wake, mzima kabisa. Lakini ndimi hizo walizitumia kwa kazi moja tu, kuuliza: "Leo tule wapi?"

Walimuuliza nani? Mamba.

Mtasema labda Mamba alikuwa mpishi. Hakuwa. Mtasema mama yake alikuwa mpishi. Wala. Mamba alikuwa na mdomo mkubwa, basi. Siku moja alipiga miayo sokoni, Punda akauona mdomo ule, akasema, "Loo! Mwenye mdomo kama huu lazima anajua chakula." Mbuzi akasema, "Lazima." Ikawa imekwisha. Wakamwita Mwonjaji Mkuu, na yeye akaitika. Akili za Shombo hizo, msiniulize mimi.

Basi Mamba akawa anapita jikoni kuonja. Na kuonja kwake kulikuwa hivi. Anafika mlangoni, hapigi hodi. Anafungua mdomo, kwaa! Anamimina sufuria nzima, gubu! Anafunga mdomo, tap! Halafu anatoka nje, anatangaza: "Nazi imekolea, ndimu imekaa sawasawa, njooni mle!" Mji mzima mbiombio unajaa hapo mlangoni, unakuta sufuria tupu, unalamba mwiko, unasema, "Alaa, kweli imekolea."

Na mpishi akikataa? Siku Bi Kanga alipokataa, Mamba alitoka nje akasema neno moja tu: "Mchanga." Bi Kanga alikuwa akioka mkate wa kumimina ambao ukiukata mvuke wake unakupiga usoni, unapenda mwenyewe. Kuanzia siku ile hakuja mtu. Walipita mlangoni pake wameziba pua, wakati mkate haunuki kitu ila hiliki. Bi Kanga akazima jiko, akawa anaokota chenga za wenzake. Wapumbavu wale! Naona hasira hata leo.

"Na jiko la kona ya bandari lilikuwa la nani?"

"La nani?"

"La Nguchiro."

Bi Nguchiro alikuwa mdogo, mwembamba, ana mkia mrefu na maneno mafupi. Alipika pweza wa nazi. Jiko lile ndilo lililokuwa nyumba yake, ndilo shamba lake, ndicho kitu pekee ambacho mume wake asiye na faida alishindwa kukibeba alipomwacha. Hakuwa na kingine.

Siku ya siku Mamba akafika. Hakupiga hodi. Kwaa! Gubu! Tap! Pweza wote wakaenda. Wateja waliokuwa wamekaa mkekani wakabaki na mikono iliyonawa.

Bi Nguchiro akauliza, "Shemeji, vipi chakula?"

Mamba akajifuta. "Sijapata ladha bado. Nitakuja tena Ijumaa, watu wakishatoka kuswali. Uniwekee sufuria mbili. Na kila Ijumaa iwe hivyo hivyo."

"Na wateja wangu wale nini?"

"Harufu," akasema Mamba. "Ukinibania, nitatoka nje niseme neno moja tu. Mwulize Kanga."

Bi Nguchiro akamwuliza Kanga. Kanga akalia tu. Akaenda kwa Mzee Kobe, muuza kahawa. Kobe akasema, "Mimi alikunywa birika zima, na mdomo wa birika pia. Akatoka nje akasema nazi imekolea."

"Nazi? Kwenye kahawa chungu?"

"Sijatia nazi kwenye kahawa tangu nizaliwe. Lakini kesho yake walikuja wote wanataka kahawa ya nazi. Nikatia nazi. Ningefanyaje? Wanakunywa mpaka leo, wanakunja uso, wanasema tamu."

Bi Nguchiro akasimama. Akauliza, "Na ngisi wa kuchoma alimsemaje?"

"Nazi imekolea."

"Na papa mkavu?"

"Ndimu imekaa sawasawa."

Bi Nguchiro akaondoka. Alishuka mpaka kwenye mkono wa bahari, mahali Mamba alipojilaza mchangani baada ya kula, mdomo wazi, anakoroma, khoo! khoo! Nguchiro akanyata, nya nya nya, akachungulia ndani. Akaona meno. Akaona uti wa samaki wa juzi. Na ulimi? Ulimi ulikuwa chini kabisa, umeganda kwenye sakafu ya mdomo kama zulia lililopigiliwa misumari. Hauinuki, hautoki, haugusi kitu. Chakula kinapita juu yake kikielekea tumboni, na wenyewe hauna habari.

Nguchiro akarudi nyumbani anacheka peke yake.

"Ijumaa ikafika?"

"Ikafika!"

Bi Nguchiro akateleka sufuria mbili. Ya kwanza akapika pweza kama anavyojua yeye: tui zito, kitunguu, ndimu mwishoni. Ya pili akachemsha maji, akatia manjano, akafunika. Hakutia chumvi wala nazi. Maji na manjano, basi.

Watu wakatoka kuswali, wakajaa konani. Punda yuko mbele, Mbuzi yuko nyuma yake, kila mtu na sahani yake. Bi Kanga akasimama pembeni, hana sahani. Mamba akaja anasukuma watu kwa mkia. Akaiona sufuria ya kwanza, mdomo ukafunguka, kwaa!

"Subiri, Bwana Mkubwa!" akasema Bi Nguchiro. "Leo umekuja na mji mzima. Sufuria mbili, na mimi mjinga sijui ipi imeiva nimpakulie nani. Tuonjee, uchague. Utakayoichagua wataila hawa, itakayobaki ni yako peke yako."

Mamba akasema, "Lete nimeze zote, nitajua."

Hapo Punda, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafikiri. "Ukimeza zote sisi tutakula nini?"

"Ndiyo," akasema Mbuzi. "Tutakula nini?"

"Hakuna haja ya kumeza," akasema Bi Nguchiro, laini kabisa. "Kumeza ni kwa walafi. Mwonjaji Mkuu ataonja kama wanavyoonja wajuzi, kiganjani."

Nyie mnajua kuonja kiganjani. Unachota mchuzi kidogo kwa mwiko, unaudondoshea katikati ya kiganja, unalamba, unajua chumvi. Mama yako anaonja hivyo, bibi yako alionja hivyo, hata mwari anayeolewa kesho anajua. Anayechovya mdomo sufuriani hana adabu. Mji wote wa Shombo ukatikisa kichwa: "Kiganjani, kiganjani! Mwonjaji Mkuu ataonja kiganjani!"

Mamba angesema nini? Akatoa kiganja.

Bi Nguchiro akadondosha mchuzi, to! Mamba akainua mkono. Akafungua mdomo, kwaa! Akangoja ulimi. Ulimi haukuja. Akafunga mdomo, tap! Mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Huo ulikuwa moto," akasema Mamba. "Tia mwingine."

To! Akainua mkono. Kwaa! Ulimi haukuja. Tap! Kiwiko kikala.

"Upepo huu," akasema Mamba. "Lete wa sufuria ya pili."

To! Kwaa! Tap! Kiwiko kikanywa.

Watu wakaanza kunyoosha shingo. Mamba akaona mambo yanaharibika, akanyoosha kidole kwenye sufuria ya pili, akanguruma: "Hii! Nazi imekolea, ndimu imekaa sawasawa, njooni mle!"

"Haya," akasema Bi Nguchiro. "Leteni sahani."

Akapakua maji ya manjano. Punda akanywa, akafumba macho. "Mmh! Nazi imekolea kweli."

Mbuzi akanywa. "Na ndimu. Ndimu imekaa sawasawa."

Mimi nawaambia, walipita pale mmoja baada ya mwingine, wanakunywa maji ya moto, wanalamba vidole. Wengine waliongezwa. Kuna aliyeomba apelekewe na mgonjwa wake nyumbani.

Bi Nguchiro akachota kidogo, akamwendea Kanga pale pembeni. "Na wewe, shoga, onja."

"Mimi nani anaulizia neno langu?" akasema Kanga.

"Naulizia mimi."

Kanga akatoa kiganja. To! Akalamba. Akalamba tena. Akasema kwa sauti, mbele ya mji mzima, "Haya si maji ya manjano?"

Kila mmoja akaitazama sahani yake.

Halafu mate yakaanza, tfu! tfu! tfu!

"Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema Punda.

"Hata mimi," akasema Mbuzi.

Kanga hakuwasikiliza. Alikuwa amemkazia macho Mamba. "Bwana Mamba, wewe ulisema mkate wangu una mchanga. Uliuonja kwa kitu gani? Toa ulimi tuuone."

Mamba akafunga mdomo.

"Toa ulimi!" akasema Bi Nguchiro.

"Toa ulimi! Toa ulimi!" ukaitikia mji wote, maana Shombo nayo hupenda kuitikia, haichagui neno.

Mamba akashikwa na ghadhabu. "Kijitu kama wewe!" akamwambia Nguchiro. "Nitakumeza, nitatoka nje, niseme ulikuwa na mchanga!"

"Nimeze," akasema Bi Nguchiro, amesimama pale pale na mwiko mkononi. Aliogopa, nisiwadanganye. "Nimeze, Bwana Mkubwa. Lakini hutajua kama nina chumvi au sina."

Mamba akaruka. Kwaa! Nguchiro akapaa juu ya bati, parakacha! Gubu! Tap! Mamba akawa amemeza mwiko.

Akajifuta mdomo. Na kwa mazoea tu, masikini, akatangaza: "Nazi imekolea, ndimu imekaa sawasawa."

Wee! Mji ulicheka mpaka sahani zikadondoka. Mzee Kobe alicheka akaingia ndani ya gamba lake, akawa anachekea humo. Na Kanga, ambaye alikuwa hajacheka tangu azime jiko, alicheka mpaka manyoya yakapukutika. Mamba akatazama huku, akatazama huku, akashuka zake majini na mwiko wake tumboni. Hajarudi mjini tena. Na mpaka leo ukimwona amelala mdomo wazi, ujue anangoja ulimi uje.

Bi Nguchiro akashuka batini, akapakua pweza. Siku hiyo watu wa Shombo walikula chakula kwa mara ya kwanza. Kesho yake Bi Kanga akawasha jiko.

Mngependa niishie hapo, eh? Mwende mkalale mmeridhika.

Kesho kutwa yake, asubuhi, wanyama wa Shombo walikuwa wamesimama sokoni. Milango yote iko wazi, ngisi anachomwa, mkate wa Kanga unatoa mvuke. Wao wamesimama, wanamezea mate, hawaendi popote.

"Leo tule wapi?" akauliza Punda.

"Sijui," akasema Mbuzi. "Hakuna aliyesema."

Jua likapanda. Njaa ikauma. Mara Kiboko akatoka mtoni, akapita sokoni, akapiga miayo. Punda akautazama mdomo ule. Akamgusa Mbuzi. "Umeona? Ni mkubwa kuliko wa yule wa kwanza."

Kiboko hali samaki, anakula majani. Hilo halikumzuia mtu. Ilipofika adhuhuri alikuwa ameshavishwa kilemba.

Bi Nguchiro aliyaona yote hayo kutoka mlangoni pake. Akasonya, msonyo mrefu. Kisha akachukua mundu, akashuka mtoni, akakata majani. Tangu hapo kila Ijumaa fungu la majani mabichi linakuwa mlangoni pake, na jingine mlangoni pa Kanga. Kiboko anapita, anatafuna, anasema, "Hapa pazuri." Mji mzima unaingia, unakula pweza, unakula mkate, unasema, "Kiboko huyu anajua!" Nguchiro anapakua tu.

Na funzo la hadithi hii, watoto wazuri, ni hili: mkifika mji wa samaki msijue pa kula, msiuamini ulimi wenu, una nini ulimi? Tafuteni mwenye mdomo mkubwa, mpange foleni nyuma yake.

"Nimepakua!"

"Umepakua!"

"Mmekula?"

"Tumekula!"

"Sufuria ndiyo hiyo, ukoko kwangueni wenyewe. Ila niambieni kwanza: kilikuwa na chumvi?"

Mbona mnatazamana?