Chai ya Shemeji Juu ya Barafu

Moto usio moshi, ufungulie mlango.

Nimemwambia hivyo mwenzenu anayemsifu rafiki yake mpya asiyekasirika hata kidogo, nanyi mmeguna, mkauliza ni moto gani huo usio na moshi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia juu ya barafu.

Wilondja alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika kabla vita havijamtupa kambini na kambi haijamtupa Kanada. Huko alikuta ziwa limeganda, gumu kama sakafu, na watu wanatoboa tundu kwenye barafu na kuvulia humo. Alicheka wiki nzima. Halafu naye akanunua hema dogo la kuvulia na hita ya gesi ya kubeba mkononi, yenye mtungi mdogo ubavuni. Aliipenda hita ile. Haikutoa moshi, haikutia masizi. Hema lilikuwa na vidirisha viwili juu, akaviziba kwa vitenge vya mkewe. Anunue gesi apashe joto mawingu?

Kilichomsumbua ni shemeji yake Etabo, kaka wa mkewe, mtu wa kelele. Siku ya posa Etabo alisimama mbele ya wazee akasema Wilondja hafai kuoa kwao, na miaka yote hakuwahi kuyafuta maneno yale. Sasa, bila kuombwa, akaanza kuja ziwani kila Jumamosi asubuhi na chupa ya chai ya tangawizi. Mtu aliyekukataa mbele ya wazee anakuletea chai? Wilondja hakuwa mtoto.

Jumamosi ya kwanza alikunywa, kichwa kikamgonga. Ya pili alionja kidogo tu, iliyobaki akaimwaga kando ya tundu shemeji alipogeuka. Kichwa kikagonga tena, na kichefuchefu juu. Akitembea kurudi nyumbani alipata nafuu, na hilo nalo likamtia shaka, maana alikuwa amesikia kwamba sumu ya polepole humpumzisha mtu kwanza. Etabo je? Mzima kama chuma! Lakini Etabo hakutulia ndani. Alikaa mlangoni, akilalamika kwamba hema linanuka miguu, kisha akatoka kwenda kutazama tundu lake mwenyewe alilotoboa nje. Wilondja akajiambia kwamba muuaji hapendi kumtazama anayekufa.

Hakumwambia mkewe. Angeanzaje kumwambia kwamba kaka yake anataka kumfanya mjane? Aliogopa kweli, akaamua kumtega.

Jumamosi ya tatu hakugusa hata tone. Aliimwaga chai yote ya kikombe chake, na Etabo alipotoka akafunga zipu ya mlango, akaisogelea hita, akangoja aone kichwa kitasemaje.

Kiligonga kuliko siku zote. Sumu gani inapita kwenye kikombe kisichonywewa? Alitaka kusimama, magoti yakakataa. Samaki alivuta ndoana na mkono wake haukuinuka. Hapo zipu ikafunguka.

"Umeniwekea nini, Etabo?"

"Nimekuwekea nini wapi?"

Etabo hakungoja jibu. Alimshika kwapani, akamburuta mpaka kwenye theluji, akarudi kuizima hita. Wilondja alitapika, akapumua, akatapika tena. Hewa baridi ikamrudishia dunia kidogo kidogo.

"Kule kambini," Etabo alisema akihema, "jirani yangu alilala na jiko la mkaa, mlango umefungwa. Hakuamka. Nikadhani gesi ni kitu kingine, kwa kuwa haina moshi. Leo nimeuona uso wako nikamkumbuka."

"Nilidhani ni chai yako, shemeji."

"Najua. Madoa ya chai kwenye barafu nimeyaona tangu Jumamosi iliyopita."

"Na bado ukaleta tena?"

"Nifanyeje? Dada yangu anakupenda, nami nimechoka kukuchukia." Kisha sauti ikampanda, kama kawaida yake. "Mimi nikikasirika, Wilondja, moshi wangu unaonekana hadi ng'ambo! Nilikukataa hadharani. Ungeniogopea nini tena? Huyo wako mpole, asiyetoa hata moshi, ndiye uliyejifungia naye ndani!"

Wilondja alilia bila kuona haya. Chupani kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Etabo alikimimina, akakiinua aonje kwanza kumtoa hofu, Wilondja akamnyang'anya na kukinywa chote.

Tangu siku hiyo vitenge vilirudi kwa mwenyewe, na mlango wa hema haukufungwa wote tena. Huyo rafiki yenu simjui, wala simtukani. Huenda ni mwema. Kaeni naye, oteni joto lake, ila msijifungie naye. Moto usio moshi, ufungulie mlango.