Mwanamvua na Muuza Mkaa

Sogeeni, ngano yangu haijapanda bei.

Palikuwa na zimwi muuza mkaa, lisiloweza kuvuka mlango uliofungwa. Kila asubuhi mjane Mwanamvua alilisihi kupitia dirishani, "Nipunguzie, baba." Nalo lilijibu, "Mkaa umepanda, mama."

Siku ya kwanza alipasua kigoda, akawapikia wanawe ugali. Siku ya pili alipasua kitanda, akapika uji. Siku ya tatu watoto walilia kwa njaa. Akautazama mlango, akawatazama wao, akaupasua. Wakala mihogo, wakashiba.

Zimwi likaingia bila hodi, likatua gunia, likawapapasa watoto mashavu.

"Leo mkaa nagawa bure, mama. Bandika sufuria kubwa."

Ngano imeishia hapo. Mlango wetu, nani kaufunga?