Jinsi Moyo Ulivyotiwa Milango

Ngano yangu yaja.
Na ije, tumeikalia mkao!
Ina uongo ndani yake.
Usiupunguze!

Hapo zamani, zamani hasa, moyo wa mtu ulikuwa ukumbi mmoja mtupu. Hauna kuta, hauna milango. Na kifua kilikuwa na mlango wa uani. Mnyama akitaka kuingia hupiga hodi, akakaribishwa.

Mwilini waliishi akina mama Damu. Kazi yao ilikuwa kuchota pumzi. Waliojaza ndoo kwa Mapafu walivaa kanga nyekundu, wakaigawa pumzi kichwani, tumboni, hata kidole cha mwisho cha mguu. Wakirudi na ndoo tupu, kanga zao zimeiva rangi ya zambarau. Moyo ukijikamua, wote husukumwa mbele.

Lakini wenzangu, ukumbi mmoja! Wanaokwenda wanakutana na wanaorudi. Nani atapita? Huyu anauliza Ini kanuna kwa nini, yule anasema ya Figo usiyaguse. Wanageuza ndoo, wanazikalia, na pumzi haifiki mwilini.

Basi palikuwa na kijana, Mwinchande, mchumba wa Mize. Kwa kina Mize, bwana harusi hucheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, mpaka mpiga zumari achoke. Akianguka mapema, hapewi mke. Na Mwinchande, kupanda kitanda tu anahema. Midomo imemwiva kama kala wino. Harusi ilibakiza siku tatu.

Siku ya kwanza akaja Kasuku, awe bawabu. Akaingia, akasema, piteni, piteni. Mara akasikia Ini kagombana na Nyongo.

"Na Nyongo akajibuje?" akauliza Kasuku.

Hakutoka mpaka jioni. Mwinchande akazimia akifunga kiatu.

Siku ya pili akaja Fisi. Alidai yeye tabibu, tena tabibu wa nyama hasa. Akaingia mate yakimchuruzika, akauma. Moyo ukajikamua kwa hasira, Fisi akaruka nje kwa mlango wa uani, akatua juu ya mchele wa mama yake Mize ulioanikwa. Alipigwa mwiko wa kiuno. Ndiyo maana mpaka leo anachechemea.

Siku ya tatu akaja Buibui na shoga yake Mchwa. Mchwa akajenga ukuta katikati: wa zambarau wapite kulia, waende kwa Mapafu, wa nyekundu wapite kushoto, waende mwilini. Kila upande akaugawa, chumba juu, chumba chini. Vikawa vinne. Cha chini kushoto akakipa ukuta mnene, maana ndicho kinachosukuma hadi vidoleni.

Buibui akatia milango minne, yote ya kufunguka mbele tu. Ile ya kutoka vyumba vya juu akaishikiza kwa nyuzi, isipinduke nyuma.

Mama Damu mmoja alipopita, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Buibui mwanangu, nifungulie kidogo. Sijammalizia mwenzangu habari."

"Bibi, zunguka tu. Utamkuta mbele."

"Naye anazunguka!"

"Basi kimbia."

Tangu hapo wanakimbizana. Weka sikio kifuani mwa mtu. Du, milango ya juu imefungwa. Dup, ya chini nayo.

Harusi ikafika. Mwinchande akacheza, akacheza, midomo imerudi rangi yake. Mpiga zumari mashavu yakamlegea, akaomba maji. Mize akatoka ndani mwenyewe, akamshika mkono.

"Twende, mume wangu, usije ukamuua mzee wa watu."

Ngano inatufunza hivi: umbea una utamu wake, sikatai, ila usiufanyie mlangoni. Sogea kando, wenye kazi wapite.

Yangu yameishia hapa. Ikiwa tamu, ramba. Ikiwa chungu, mpelekee jirani.