Zeze la Ndahani

Mlegeza zeze hujizika mwenyewe.

Ndivyo mama Chilewa alivyomwambia mumewe leo asubuhi, mlipomsikia yule bwana akitangaza kwamba ngoma yake atamgawia mtu, maana kazi zimemzidi na hana tena muda wa kupigapiga. Nanyi mkacheka, mkadhani mama wa watu anatania. Haya, wekeni chini hizo karanga, sogeeni. Na wewe uliyeziba mdomo kwa kanga, cheka umalize kabisa, kwa sababu nikishaanza sitaki kusikia kicheko. Neno hilo halikuzaliwa kwenye utani. Lilizaliwa katika kijiji cha Chilanje, siku watu walipomchimbia kaburi mtu aliyekuwa amesimama kando yao akiwatazama.

Mtu huyo aliitwa Ndahani. Alikuwa mkulima na mfugaji, na katika ujana wake hakuna aliyemfikia kwa kupiga zeze. Jua likipunguza ukali, ng'ombe wakisharudi zizini, alikaa mlangoni pa nyumba yake, akaegemeza kibuyu cha zeze tumboni, akavuta upinde. Hakupiga kwa ujira wala kwa kutafuta sifa. Alipiga kwa sababu alipenda, basi. Mkewe Mbeleje alimpendea zeze hilo hilo. Wazazi wake walimtafutia mchumba mwenye ng'ombe wengi zaidi, naye akawajibu, "Ng'ombe hawaimbi."

Lakini mtu mwenye bidii haachwi akapumzika. Shamba lilizaa, akaongeza la pili. Akatundika mizinga ya nyuki porini. Watu walipoona ana akili ya kutuliza mambo, wakamfanya msuluhishi wa mipaka, na kila aliyegombana na jirani yake akawa anamjia yeye. Jioni moja aliliacha zeze akaenda kuamua ugomvi. Jioni nyingine alikuwa akiziba ua wa zizi. Mwishowe alilitundika kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, akasema, "Nikishavuna." Alipovuna akasema, "Nikishapura." Watu wa namna hiyo mnawajua, wengine mnakula nao sahani moja. Binti yake Ndalu alizaliwa, akaota meno, akaanza kusema, na wala hajawahi kumsikia baba yake akipiga.

Sasa sikilizeni desturi ya Chilanje, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwao, zeze la mtu lilikaa limekazwa nyuzi wakati wote, lipigwe lisipigwe. Nyuzi zililegezwa siku moja tu, siku ya kumzika mwenyewe. Ndugu wa marehemu aliingia ndani peke yake, akazungusha vijiti vya kukazia mpaka nyuzi zikalala, akatoka bila kusema neno. Hapo alikuwa amewajulisha waliotangulia kwamba mwenzao yuko njiani, wampokee. Hata mtoto anayecheza vumbini alijua kwamba vijiti vya zeze havichezewi.

Nyumba ya Ndahani ilikuwa tembe, paa lake la udongo, na humo ndani zeze lililokazwa halikosi kuitika. Mlango ukibamizwa, lilivuma. Ng'ombe wakipita nje, lilivuma. Mbeleje akikohoa, lilivuma pia, kidogo tu. Zamani Ndahani alikuwa akilisikia anatabasamu. Siku hizi kila lilipovuma aliona linamsimanga, na akakasirika.

Mchana mmoja, mkewe na mtoto wakiwa kisimani, alirudi nyumbani ajinyooshe kidogo kabla ya kwenda kwenye ugomvi mwingine. Upepo haukuwepo. Ng'ombe walikuwa malishoni, mlango umetulia mahali pake. Zeze likavuma. Ndahani akageukia ukutani. Likavuma tena.

"Ebo! Si nimesema nitakupiga nikipata muda?" alifoka, kisha akainuka, akashika vijiti, akavizungusha.

Desturi aliijua vizuri. Lakini alijiambia kwamba hayo ni mambo ya wazee, na kwamba angezikaza tena kazi za msimu zikiisha. Nyuzi zikalala. Nyumba ikawa kimya kabisa, akapata usingizi aliokuwa akiutafuta.

Alipoamka na kutoka nje, mbwa wake alisimamisha manyoya. Hakubweka. Alirudi nyuma polepole, mkia katikati ya miguu, mpaka akaingia vichakani. Ndahani akamwita kwa jina, mbwa asitoke. Njiani alikutana na jirani yake Lemanya, akamsalimu. Lemanya alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaendelea na safari yake huku akijisugua mikono iliyosimama vinyweleo. Kule kwenye ugomvi watu walimsubiri msuluhishi, naye yuko mbele yao, anasema, anainua sauti. Wakachoka kungoja, wakatawanyika.

"Wamenidharau," aliwaza Ndahani. Binadamu bwana, hata akiona dalili hutafuta maelezo ya kumtuliza.

Jioni ng'ombe waliporudi hawakuingia zizini. Walikusanyika ubavuni mwa zizi, mahali ambapo hapakuwa na chochote, wakanusa ardhi na kulia ule mlio wanaoulia penye damu ya mwenzao. Ndahani aliwaswaga, wasimjali. Mbeleje alipoandaa chakula, aliweka bakuli lake na la mtoto.

"Mke wangu, changu kiko wapi?"

Mbeleje alishtuka, akatazama pale alipokaa mumewe, akakaza macho kama anayetafuta kitu gizani. "Ah, nimesahau. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Sijui," akasema, na machozi yakamlenga bila yeye kuelewa kwa nini.

Mnaogopa? Vizuri. Mimi nilipohadithiwa nililala katikati ya dada zangu.

Asubuhi, jua likiwa limechomoza vizuri, watu walianza kuja. Wanawake walibeba kuni na mitungi ya maji. Wanaume walibeba majembe. Walikuja wawili wawili, kimya, wakakaa uani kama inavyokaliwa msibani. Mbeleje alitoka, akawatazama, wala hakuuliza. Alianza kuvua shanga zake moja moja, kama afanyavyo mjane, akaziweka mapajani.

Ndahani alimkimbilia Lemanya, akamshika bega. "Lemanya, nani kafa?"

Lemanya alijipangusa bega kama anayefukuza nzi, akamgeukia mwenzake, akamuuliza. "Hivi, nani katuambia kuna msiba?"

"Mimi hakuna aliyeniambia. Niliamka nikakuta nimeshika jembe."

"Hata mimi."

Wakatazamana, kisha wakainuka, wakaenda ubavuni mwa zizi, pale pale ng'ombe walipolilia, wakaanza kuchimba. Ndahani alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Alisimama mbele ya majembe, na wachimbaji wakampita kando bila kumtazama. Alitazama mikono yake, akaiona imepauka rangi ya majivu.

Shimo likaanza kuingia ndani. Udongo wa chini ulikuwa na unyevu, na ubaridi wake ulimpanda Ndahani hadi usoni. Alikuwa amechoka mtu yule, amechoka kwa miaka. Likamjia wazo, tamu ajabu, kwamba humo ndani hakuna mpaka wa kuamua wala ua wa kuziba, na hakuna atakayemwita. Alipojitambua alikuwa amekwisha kaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Nawaambieni kweli, hapo ndipo panaponitisha mimi kuliko pote. Hakusukumwa na mtu.

Kilichomwinua ni kuitwa jina lake. Shangazi yake Masinga, bibi ambaye macho yalikuwa yamekwisha zima, alikuwa ameketi peke yake kwenye ngozi, ameinua shingo.

"Ndahani! Nakusikia ukihema, lakini sauti yako inatoka chini. Nani kagusa zeze lako?"

Ndahani alimwendea mbio, akapiga magoti. "Shangazi, unanisikia! Ni mimi niliyeligusa."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Nimelegeza nyuzi."

"Mama yangu wee! Kwa nini, baba?"

"Sikuwa na muda."

Bibi Masinga aligeuza uso kuelekea mlio wa majembe. "Haya, sasa unao. Ule pale, wanakuchimbia."

Ndahani akamshika mikono. "Nifanyeje? Niambie, shangazi! Nina mtoto mdogo."

"Walichoambiwa waliotangulia na zeze hakikanushwi kwa mdomo. Kalikaze, ulipige. Na ufanye haraka. Shimo likimfika mchimbaji kifuani watakuja kukuita, na utawafuata kwa miguu yako mwenyewe, tena kwa furaha."

Hilo la furaha Ndahani alilijua kuwa ni kweli, maana alikwisha lionja. Aliingia ndani, akalitungua zeze. Lilikuwa limejaa vumbi, buibui ametaga ndani ya kibuyu. Alipozungusha kijiti cha kwanza, uzi ukakatika. Kati ya nyuzi mbili akabaki na mmoja. Akaukaza huku jasho linamtoka, akakaa mlangoni, akavuta upinde.

Hakuna kilichosikika. Alivuta tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havijui pa kushika, na nyimbo zote alizokuwa akizipiga akiwa kijana zilikuwa zimemtoka kichwani. Nje majembe yaliendelea. Kisha sauti ikaja, lakini haikutoka kwenye kibuyu. Ilitoka kule shimoni. Kila alipovuta upinde hapa mlangoni, uzi ulilia kule chini ya ardhi, mbali, na wachimbaji wakatazama miguu yao.

Ndahani alifumba macho, akapiga. Alipiga vibaya, akakosea, akarudia. Akaukumbuka mwanzo wa wimbo mmoja, katikati ukampotea, akaurudia mwanzo. Akalia huku anapiga. Polepole sauti ile ikapanda, ikatoka shimoni, ikapita juu ya udongo uliorundikwa, ikakatiza uani katikati ya watu waliokaa. Wanawake walivuta miguu kuipisha. Ilipofika mlangoni ikaingia ndani ya kibuyu, na kibuyu kikatetemeka juu ya tumbo la Ndahani, kikawa na joto.

"Mama," akasema Ndalu, "baba anafanya nini?"

Watu wote wakageuka. Lemanya akatupa jembe, akatoka shimoni akikimbia. "Ndahani! Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu jana ninawaita," alisema Ndahani, na mikono yake ilikuwa imerudi rangi yake.

Hakukuwa na shangwe. Watu walikuwa wameogopa mno kushangilia. Bibi Masinga aliwaambia wafukie haraka, na kwamba kaburi halifukiwi tupu. Ndahani akataka kulitupa jembe lake humo. "Hee! Jembe limekukosea nini?" bibi akamkemea. "Mwanao atakula nyuzi?" Wakaizika ngozi aliyokuwa akilalia Ndahani. Walishindilia udongo mpaka ukawa mgumu, na hata hivyo kila masika mahali pale palididimia, wakapajaza, pakadidimia tena.

Wageni walipoondoka na kuni zao, Ndahani alimkuta mkewe amekaa na shanga mapajani, hajaanza kuzivaa. Akakaa karibu naye. "Nisamehe, mke wangu. Nimekutia uchungu wa bure."

Mbeleje alimtazama, akamshika mkono ulioshika upinde. "Uchungu haukuwa mkubwa," alisema. "Na hicho ndicho kilichoniogopesha. Walipoingia na kuni, nilijisemea, kumbe wenzangu hawakujua? Mimi nilidhani mume wangu alikwisha kufa siku ile alipolitundika."

Ndahani aliinama, akalia mbele ya mtoto wake bila kujificha.

Kesho yake kazi zilikuwa zinamngoja zile zile, hakuna hata moja iliyokuwa imepungua. Alilima, akachunga, akaamua ugomvi wa watu. Ila jua lilipopunguza ukali alisimama katikati ya maneno ya watu, akajipangusa vumbi, akaenda kwake. Wakamfuata hadi uani wakilalamika kwamba shauri lao halijaisha, na wao wana haraka. Ndahani alikuwa mlangoni, Ndalu ameegemea goti lake. Aliwajibu bila kuuondoa mkono kwenye upinde.

"Rudini kesho, ndugu zangu. Mlegeza zeze hujizika mwenyewe."